Tata Anakula Nafasi Tano

Mwamini binti Aruna alikuwa mwanamuke wa vidole. Kuna batu unabajua kwa sauti, bengine unabajua kwa mwendo. Yeye, ukisimama inje ya biro ya mashini pale Kolwezi, ulisikia kwanza vidole yake: tak-tak-tak, kimya kidogo, tak. "Ule ni Mwamini," mulinzi wa mulango alikuwa anasema. "Bengine banapiga mashini. Yeye anazungumuza nayo."

Naandika hapa kipande kimoja cha maisha yake, juu naona batu ya Manika, mutaa wetu wa Kolwezi, banaanza kusahau namna masanduku ya karatasi ilibakia kwetu. Batoto banafikiri iko pale tangu Mungu aliweka milima. Hapana. Ilibakia juu ya mwanamuke moja mwenye alifanya kosa, kisha akakataa kuona haya.

Baba yake, Aruna, alikuwa na kamyo mbili. Kabila yabo ilitoka Maniema, batu ya biashara na barabara. Kambo yake, baba ya baba yake, njo alimufundisha kusoma Kiswahili chenye kiliandikwa na herufi ya Kiarabu, angali mutoto, banakaa juu ya magunia ya muhogo, kamyo inaruka mu mashimo. Kifaransa alifundishwa na bamasista ya misioni. Na wakati kampuni ya shaba ilitafuta banamuke benye mikono nyepesi, ilimutia mu biro yenye tuliita mekano, kule ordinateri yabo ya kwanza, kompyuta, ilikuwa inakaa, mukubwa kama kabati tatu, na hewa ya baridi kuliko ya mutu yeyote mu muji.

Nieleze ile kazi mbele niendelee. Fishi ni karatasi mugumu, mupana kidogo kupita mukono. Iko na nafasi makumi munane, zimejipanga toka kushoto kwenda kuume, na kila nafasi inabeba herufi moja. Mashini ya Mwamini ilitoboa matundu. Mashini ya pili ilipanga fishi kwa kufuata matundu. Ordinateri ilisoma yote na kuandika liste kwenye karatasi ndefu yenye kukunjwa-kunjwa. Ni ile tu. Batu balisema ni uchawi, lakini mi nilikaa pale nikaangalia, ni matundu.

Sasa, nyuma ya soko ya Manika kulikuwa Nyumba ya Maandiko. Bamwalimu na bazee bamoja balikuwa baliianzisha ili karatasi ya zamani isiliwe na muchwa: barua ya machifu, kaye ao daftari ya bakatekista, habari ya safari ya batu ya Maniema, nyimbo, mashauri ya mashamba. Miguu yangu haijapenda kiti hata siku moja, basi mi njo nilitumwa kuzikusanya. Toka Musumba mpaka Tenke, nilibeba mengine kwa kichwa, mengine kwa baiskeli, mengine kwa kamyo ya Aruna. Ilifika masanduku kumi na ine ya chuma. Na hakuna mutu aliweza kupata kitu ndani. Ukitafuta barua moja, unafungua yote kumi na ine, na jioni unarudi na kikohozi cha vumbi na mikono mitupu.

Mu mwaka wa 1974 Mwamini akaenda kwa mukubwa wake, Kisimba, mwenye kuchunga mashini. Kisimba alikuwa Muluba wa kaskazini ya Katanga, Mukatoliki wa tumbo na wa kicheko.

"Tata Kisimba, siku ya posho nyuma ya saa sita, mashini inafanya nini?"

"Inapumuzika. Ilipiga kazi juma muzima. Na miye pia."

"Nipatie. Nataka kuipa barua ya bazee."

"Barua ya bafu! Mashini yangu imezoea bahai, Mwamini."

"Mashini inakula matundu, Tata. Haiulize tundu imetoka kwa nani."

Kisimba akacheka mpaka akakubali. Ndiyo Mwamini akaanza. Kwa kila karatasi alifanya fishi mbili: moja ya mutu mwenye aliandika, na moja ya mutu mwenye alileta. Alifanya vile miezi saba, kila posho, siku ya sita ya juma.

Lakini hakupenda kuandika karatasi bila kujua ilitoka mu mukono gani. Kwa hiyo mara moja moja alipanda na miye kwenda kuipokea. Nakumbuka sana Tenke. Majirani ya gare, kituo cha gari ya moshi, balituambia kuna kaye ya muzee moja aliyekufa, karani wa gari ya moshi. "Kaye ya Tata Tshiela," balisema bote. Mujane wake alimuketisha Mwamini kwenye kiti yake moja na yeye akasimama. Alikuwa Mama Tshiela, kwa sababu mutoto yabo wa kwanza alikuwa binti, Tshiela.

"Itaenda wapi?" akauliza, kaye iko kwenye kifua chake.

"Kolwezi, Mama," Mwamini akajibu.

"Na kisha? Bitu bya batu bikiingia mu biro, binapanda ndege."

"Hii haitapanda ndege. Italala Kolwezi. Siku unataka kuiona, unapanda gari asubuhi, unaiona, unarudi kulala kwako."

"Neno yako?"

"Neno yangu."

Mama Tshiela akamupatia kaye na mikono mbili. Mwamini akaipokea na mikono mbili. Na ile neno, niliisikia na masikio yangu, aliisema katika nyumba makumi na makumi, kwa batu benye habakuwa na kitu kingine cha kuachia batoto yabo.

Kisha barua ikafika toka Kinshasa. Biro moja ya kule, sitaiandika jina, ilisikia juu ya masanduku. Barua ilisema: karatasi yenye haina catalogue, liste ya kuitafutia, ni karatasi yenye kupotea. Mujumbe atakuja siku ya pili ya juma. Ataomba karatasi tano. Kama liste inazionyesha zote, masanduku inabakia Kolwezi. Kama moja inakosa, yote inapanda ndege.

Mwamini alisoma barua mara moja tu, akaikunja. "Muzuri," akasema. "Fishi yote imekwisha kutobolewa. Kesho mu posho tunaandika liste, na aje."

Siku ya posho ordinateri ikaanza kutoa liste. Mwamini alikuwa anapanga masanduku mu Manika, basi Kisimba njo alisoma wa kwanza. Nilikuwa naye. Nikaona tumbo yake inatikisika, kisha mabega, kisha akakaa chini na machozi ya kicheko. Akamutuma mulinzi na baiskeli kumuita.

"Mwamini, kuya uone! Hii Lualaba yote iko na mutu moja tu mwenye kujua kuandika. Anaitwa Tata."

Ilikuwa kweli. Kwenye A, kitu kidogo sana. Kwenye N, bure. Lakini ukifika kwenye T: Tata, Tata, Tata, karatasi inakunjuka mpaka chini, Tata inajaza kurasa na kurasa. Kwenye M, vile vile: Mama, Mama, Mama. Kwenye Y, bayaya bote, bandugu bakubwa.

Kitabu cha kazi kilikuwa cha Kifaransa, kilisema: nafasi ya kwanza, andika jina. Na Mwamini aliandika jina sawa vile mutoto mwenye alilelewa anaita jina. Nani atamuita muzee "Amadi" tupu, bila Tata, mutu mwenye anaweza kukuzaa? Vidole yake ilikataa mbele kichwa chake haijafikiri.

"Si mubaya," Kisimba akasema, anapangusa macho. "Tutatoa Tata mu fishi yote. Tutatoboa mupya."

"Fishi elfu mbili na mia mbili na zaidi, Tata Kisimba. Mpaka siku ya pili."

"Aa." Kicheko ikamutoka.

"Na hata kama siku ilikuwa mingi. Mi niite bale bazee majina tupu, kama mutu anaita mbuzi?"

"Mashini haina bazee, Mwamini!"

"Lakini mi niko nabo."

Kisimba akainua mikono. Akasema, basi, twende tukatafute kamba ya kufungia masanduku, ndege itafika. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa pia, juu ni yeye alitoa mashini.

Mwamini akachukua fishi moja, akaiinua kwenye dirisha, jua ikapita mu matundu na kumuwekea madoa kwenye uso. Alikuwa anahesabu na midomo.

"Tata anakula nafasi ngapi?" akauliza.

"Namna gani?"

"T, A, T, A, na nafasi moja ya kupumua. Tano. Mama?"

Kisimba akahesabu na vidole. "Tano."

"Baba. Yaya."

"Tano. Tano." Akasimama polepole. "Wewe mutoto wa Aruna..."

"Mashini ya kupanga, tunaiambia ianzie wapi?"

"Kwenye nafasi yenye tunapenda. Unageuza tu kile kipini kidogo."

"Basi isiangalie heshima. Ipite heshima na adabu, ianzie nafasi ya sita. Bazee batabaki na Tata yabo, na mashini itapata jina yake."

Kisimba akamuangalia kama mutu mwenye alitafuta ufunguo, kumbe uko mu mukono. Kisha akataka kumukamata: "Na Kambo? Kambo ni herufi tano. Nafasi yake ya sita ni tupu."

"Fishi yenye haina tundu, mashini inaitupa wapi?"

"Mu mufuko ya mwisho, pembeni, peke yake."

"Basi bakambo batajitenga benyewe pembeni, sawa desturi. Tutabapanga na mukono, pamoja na mapadri na bashehe. Habapite mia moja."

Mashini inapanga herufi moja moja, toka nyuma kuja mbele, na kila herufi fishi inapita mara mbili. Tuligawanya kazi: Kisimba anatia, Mwamini anapokea, mi nabeba. Fishi ilikuwa inaanguka mu mifuko na sauti ya mvua ya kwanza kwenye mabati. Na mufuko ya mwisho, kweli, ikajaa bakambo, na Kisimba kila mara anainama kuisalimu: "Jambo bazee, mukae tu." Mbele ya jua kuzama liste mupya ilikuwa kwenye meza.

Siku ya pili ya juma mujumbe akafika mu Nyumba ya Maandiko. Aliitwa citoyen Mukendi, yaani mwananchi, sawa vile serikali ilitaka tuitane, mutu wa miaka makumi ine, abacost, koti ya bakubwa ya serikali, ya rangi ya majivu, viatu yenye kungaa, miwani. Alisema Kifaransa cha biro, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, chenye kilikaa mbali muda murefu.

"Citoyenne, nilisikia munaandika Tata mu catalogue."

"Ndiyo, citoyen. Hainyimi mutu kupata."

"Tutaona."

Akatoa karatasi mu mufuko. Safari ya Amadi kuvuka Lualaba: Mwamini akafungua kwenye A, namba, sanduku ya pili, mi nikaenda, nikaleta. Barua ya chifu moja wa kando ya Musumba juu ya mipaka ya mashamba: nikaleta. Nyimbo ya harusi yenye iliandikwa na Mama Mariamu kwa herufi ya Kiarabu. Kaye ya katekista Mbayo. Ine yote, mbele ya chai kupoa. Kisimba, mwenye alijileta bila kuitwa, alikuwa amesimama mulangoni anapumua kama mutu mwenye ameshiba.

"Ya tano," citoyen Mukendi akasema. "Ngeleka Tshilombo. Kaye ya gare ya Tenke."

Mwamini akaenda kwenye N. Hakuna. Akaenda kwenye T, Tshilombo. Hakuna.

"Mara ingine ni jina yake ya zamani," mujumbe akasema. "Mbele ya mwaka wa 1972, mbele batu habajaacha majina ya Kizungu, alikuwa Séraphin."

Kwenye S, hakuna. Inje mama moja alikuwa anauza samaki, sauti yake tu njo ilikuwa inaingia. Mujumbe akafunga kalamu yake. Nikaona masanduku kumi na ine kwenye ndege. Nikamuona Mama Tshiela amesimama kando ya kiti yake.

Mwamini hakufunga liste.

"Citoyen, samahani. Huyu muzee, mutoto wake wa kwanza ni nani?"

"Ile inaingia mu catalogue namna gani?"

"Kwetu mutu anazaliwa mara mbili. Mara ya kwanza na mama yake, mara ya pili na mutoto wake wa kwanza. Kama hayuko mu jina ya kwanza, tunamutafuta mu jina ya pili. Mutoto anaitwa nani?"

Mujumbe alitoa miwani. Akaipangusa, na haikuwa michafu.

"Tshiela," akasema. "Ni dada yangu."

Kisimba mulangoni akakohoa. Mwamini alikuwa amekwisha kugeuza ukurasa. "Tata Tshiela. Kaye ya gare. Sanduku ya tisa."

Nikaileta. Ilikuwa kaye ya karani, mustari moja kwa kila siku: gari imefika saa ngapi, mvua, nani ameshuka na kuku wangapi, nani amelia kwenye gare. Citoyen Mukendi aligeuza, akageuza, akajua kule anaenda. Kidole chake kikasimama. Akasoma kwa sauti, na sauti ilikuwa ya Tenke kabisa:

"Gari ya asubuhi, kwa wakati. Mukendi amepanda kwenda masomo. Nimemupa viatu byangu. Binamupita kidogo, lakini mutoto anakomaa."

Hakuna mutu aliangalia viatu yake. Labda Kisimba, mara moja.

Mi nilifikiri ni mwisho. Lakini ule bwana alikuwa mutu wa haki, na haki yake ilikuwa nguvu. Akafunga kaye, akavaa miwani.

"Citoyenne, kaye umeipata weye. Liste haikuipata. Nimeomba kwa jina, liste imesema hapana. Siku weye uko mugonjwa, mutu akija hapa na jina ya biro, atarudi mikono mitupu. Tulisema karatasi tano. Liste imeonyesha ine."

"Unasema kweli," Mwamini akajibu. Alisema palepale, bila kutafuta maneno. "Liste iko na mulango moja, inaomba mulango mbili. Nitafanya kwa kila mutu fishi ingine, na jina ya biro, yenye inasema: muangalie kule. Nipatie miezi tatu."

"Juu ya nini usiondoe ile ya nyumba na kubakiza ya biro? Ni kazi moja."

"Citoyen, baba yako mu biro alikuwa Séraphin. Kisha Ngeleka. Liste ile ingekosea mu mwaka wa 1972, na ingekosea tena siku biro itabadilisha mawazo. Lakini tangu dada yako alizaliwa, kuna siku mutu wa Tenke alimuita baba yako jina ingine?"

Mujumbe akaangalia kaye, akaangalia liste.

"Na kuna kitu kingine," Mwamini akasema. "Niliahidi mama yako kwamba hii kaye italala Kolwezi. Nilimupatia neno yangu, mbele sijajua ni mama wa nani. Ukisema inapanda ndege, basi upitie Tenke kwanza, umuambie weye mwenyewe."

"Eh!" Kisimba akasema, polepole.

Na citoyen Mukendi akacheka. Ilikuwa kicheko kidogo, ya mutoto mwenye amekamatwa na sukari mu kinywa. "Haujue mama yangu weye," akasema. "Atanipiga na ile kiti."

Akaandika: masanduku inabakia kwa miezi tatu, na kama mulango ya pili iko tayari, inabakia kabisa. Kisha akauliza kama anaweza kuona mashini. Tulikwenda. Aliomba atoboe fishi ya kwanza yeye mwenyewe, na Mwamini akasimama nyuma yake. Alipiga, kuanzia nafasi ya sita, na kidole kimoja kama kuku mwenye anachagua mahindi: NGELEKA TSHILOMBO, ANGALIA TATA TSHIELA. Alikosea mara mbili. Fishi ya kukosa, aliitia mu mufuko ya abacost.

Miezi tatu haikuisha, mulango ya pili ilikuwa tayari, na wiki mbili zaidi za kupumuzika. Masanduku haikuondoka. Mwamini alipewa ufunguo ya Nyumba ya Maandiko, na siku ya posho akaendelea na mashini, na Kisimba akaendelea kulalamika juu ya bafu benye banamumalizia wino.

Mu mwezi wa mvua Mama Tshiela akaja, na gari ya asubuhi, sawa vile aliambiwa. Alikuwa amevaa kitenge ya kwenda misa. Mwamini akamuletea kaye, naye akaishika tu, juu hakujua kusoma, akaipapasa kama mutu anapapasa kichwa cha mutoto. Kisha akaonyesha liste kubwa kwenye meza.

"Na hii ni nini?"

"Ni majina, Mama. Tata Tshiela iko hapa."

"Na miye? Nilileta kaye. Mi niko wapi?"

Mwamini akaweka kidole. Mashini ilikuwa imeruka nafasi tano za heshima na kuangalia jina tu, basi haikutupa Mama kwenye M na Tata kwenye T. Mustari moja ilikuwa MAMA TSHIELA. Mustari ya chini yake, inagusana nayo, TATA TSHIELA.

"Huyu ni weye, Mama. Na huyu, karibu yako, ni yeye."

Mama Tshiela akainama, macho karibu na karatasi. Akapima na kidole ile nafasi ndogo katikati ya mistari mbili. Akainua kichwa, na meno yake mbili ya mbele ikaonekana.

"Nani aliambia hii mashini kama tulioana?"